Mzigo Ukae Juu ya Gurudumu, Si Juu ya Mikono

Vikundi vingi vya akina mama na vijana katika skimu zetu vina hema na viti vya kukodisha kwenye harusi, matanga, harambee na baraza. Biashara hii ni nzuri. Lakini lori haliwezi kufika kila boma, hasa wakati wa mvua, na hapo ndipo taabu huanza. Viti, nguzo za chuma na turubai hubebwa begani au kichwani kutoka barabarani. Watu huumia migongo, viti huvunjika miguu, na faida ya kikundi huishia kwa vibarua.

Shida kama hii yawafaa sana wanafunzi wa uinjinia. Katika vyuo vikuu vya Kenya masomo hayo huchukua miaka 5, na mwaka wa mwisho mwanafunzi hutakiwa kufanya kazi yake mwenyewe ya kubuni au kuchunguza jambo. Tena njia wanayofundishwa kuifuata yaweza kutumiwa na kikundi chochote chenye fundi wa kuchomelea vyuma.

PIMA KWANZA

Mwanafunzi mwema hakimbilii kukata chuma. Kwanza huwauliza wabebaji ni wapi wanapoumia. Kisha hupima mzigo. Kiti cha plastiki chaweza kuwa na uzito wa kilo 2 na nusu. Basi viti 100 ni kilo 250. Hupima pia nguzo iliyo ndefu kuliko zote, upana wa malango, na mteremko wa njia. Mkokoteni usiopita langoni ni hasara tupu.

Mwaka 1991 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, iliweka kilo 23 kuwa kipimo cha juu cha kuinua kwa mikono, hali zote zikiwa nzuri. Mtu akiinama, akijipinda, au akiinua mara nyingi, kipimo hicho hupungua. Viti 10 tu vimekwisha kukipita.

EKSELI IKAE WAPI?

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Chukua wilbaro ambayo kutoka ekseli mpaka mahali pa kushika ni sentimita 150. Ipakie kilo 60. Tusipohesabu uzito wa wilbaro yenyewe, mambo yatakuwa hivi:

Katikati ya mzigo ikiwa sentimita 75 kutoka ekseli, mikono huinua kilo 30.
Ikiwa sentimita 50, mikono huinua kilo 20.
Ikiwa sentimita 25, mikono huinua kilo 10.

Mzigo ni ule ule. Mahali pake tu ndipo pamebadilika. Wachina walilijua jambo hili tangu kale: wilbaro yao ya jadi ina gurudumu kubwa katikati, na mzigo hukaa pande zote mbili.

Kwa mkokoteni wa magurudumu 2, ekseli iwe karibu chini ya katikati ya mzigo, lakini uzito kidogo ubaki upande wa mishikio. Uzito ukizidi nyuma, mishikio itaruka juu wakati wa kupanda mlima.

Gurudumu kubwa hupanda jiwe kwa urahisi kuliko dogo, na tairi pana halizami upesi topeni. Gurudumu la baiskeli ni kubwa na jepesi, lakini lazima ekseli yake ishikwe pande zote mbili. Ikishikwa upande mmoja tu, itapinda.

JARIBU KABLA YA KUMALIZA MALIPO

Pakia mzigo kamili, si nusu. Nguzo za chuma zikae chini, viti juu, na vyote vifungwe kwa kamba. Pita penye mawe, penye tope na mteremkoni. Kwenye mteremko watu wasipungue wawili, na mmoja azuie kwa kamba kutoka nyuma, maana mkokoteni wa kilo 200 ukishika mbio haushikiki. Andikeni kila kasoro, fundi arekebishe, kisha jaribuni tena.

Basi, viongozi wa vikundi, kaeni na fundi wenu na futi ya kupimia kabla hajawasha mashine. Na kama kijana wa skimu yenu anasoma uinjinia, mpeni shida hii akija likizo. Mwacheni abebe viti siku moja kwanza; ndipo aanze kuchora.