Ahadi za Paris kuhusu nishati safi ya kupikia: Fedha hizo hufikaje jikoni?

Tarehe 14 Mei 2024, wajumbe wapatao 1,000 kutoka takribani nchi 60 walikutana katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris, Ufaransa, kwa ajili ya Mkutano wa Kimataifa wa Nishati Safi ya Kupikia Barani Afrika. Mkutano huo uliongozwa kwa pamoja na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan. Waziri Mkuu wa Norway, Mheshimiwa Jonas Gahr Støre. Aliyekuwa Rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB), Dkt. Akinwumi Adesina, na Mkurugenzi Mtendaji wa Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA), Dkt. Fatih Birol. Ulipofungwa ilitangazwa kwamba Serikali mbalimbali na sekta binafsi zimeahidi jumla ya dola za Marekani bilioni 2.2.

Tangu siku hiyo takwimu hiyo imenukuliwa mara nyingi, na mara nyingi imeeleweka visivyo. Wapo wananchi wanaodhani kwamba fedha hizo ziliingia Hazina ya Tanzania kwa sababu Rais wake alikuwa miongoni mwa wenyeviti. Wapo pia wanaouliza kwa nini bei ya kujaza mtungi wa gesi haijashuka ilhali dunia imekwishatoa mabilioni. Maswali yote mawili yana msingi, na majibu yake yanahitaji kufahamu kwanza kilichoahidiwa ni nini, na baada ya hapo njia ambayo fedha hupita kutoka ukumbi wa mkutano hadi kwenye figa la mama lishe wa Tandika au mkulima wa Nzega.

Mikutano ya kimataifa kuhusu nishati yenye kaboni kidogo huzungumzia zaidi mitambo ya umeme, magari na viwanda. Kwa nchi zilizo kusini mwa Jangwa la Sahara, sehemu kubwa ya nishati haipiti kwenye nyaya wala kwenye pampu za mafuta. Watu wanne kati ya kila watano katika ukanda huo hupika kwa kuni, mkaa, mabaki ya mazao au samadi. Nchini Tanzania ni takribani kaya tisa kati ya kila kumi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia 2024–2034, uliozinduliwa jijini Dar es Salaam siku sita tu kabla ya mkutano wa Paris, unataja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka hapa nchini.

Upande wa misitu, takwimu rasmi zinaonesha kuwa Tanzania Bara imekuwa ikipoteza takribani hekta 469,000 kila mwaka. Si zote zinazotokana na mkaa. Upanuzi wa mashamba una sehemu yake kubwa, na mara nyingi mti uleule hukatwa kwa ajili ya shamba kisha huishia kwenye tanuri. Hata hivyo tanuri la udongo la kienyeji ni njia yenye upotevu mkubwa: kupata kilo moja ya mkaa huhitaji kilo tano hadi kumi za kuni, na sehemu kubwa ya nishati iliyokuwa ndani ya mti huishia hewani hata kabla gunia halijafungwa.

Hapa huibuka hoja ambayo wasomaji makini huiuliza. Gesi ya mitungi, yaani LPG, ni zao la mafuta na gesi asilia, na inapoungua hutoa hewa ukaa. Inawezekanaje ikahesabiwa kuwa hatua ya kupunguza kaboni? Jibu liko kwenye kulinganisha. Kuni na mkaa kutoka msitu usiopandwa upya huacha hewa ukaa ambayo hakuna mti wa kuirudisha, na kwa kuwa haziungui vizuri hutoa pia methani na masizi, ambavyo huongeza joto la dunia. IEA imekadiria kuwa dunia nzima ikihamia kwenye nishati safi ya kupikia, utoaji wa gesi joto utapungua kwa tani bilioni 1.5 kwa mwaka ifikapo 2030, hata baada ya kuhesabu ongezeko la matumizi ya LPG. Kwa maneno mengine, gesi ya mtungi haina kaboni sifuri. Ina kaboni pungufu kuliko kile inachokiondoa jikoni.

Swali jingine ambalo halikosi ni hili: nchi yenye gesi Lindi na Mtwara inaagizaje gesi ya kupikia kutoka nje? Ni gesi mbili tofauti. Gesi iliyogunduliwa Songosongo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982 kwa sehemu kubwa ni methani. Haiwi kimiminika kwa mgandamizo mdogo, hivyo haiwezi kutiwa kwenye mtungi wa kawaida wa kilo sita; husafirishwa kwa bomba, na matumizi yake makuu ni kuzalisha umeme na kuendesha viwanda, pamoja na kaya chache zilizounganishwa kwa bomba katika mikoa ya Dar es Salaam, Mtwara na Lindi. LPG ni propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika kwa urahisi. Hiyo huingizwa kwa meli, na ndiyo maana bei yake hufuata soko la dunia na thamani ya shilingi, hata kama visima vya Songosongo vinatoa gesi usiku na mchana.

Kuhusu fedha zenyewe, dola bilioni 2.2 ni jumla ya ahadi za aina tofauti, tena kwa bara zima. AfDB iliahidi kuelekeza asilimia 20 ya fedha zake za miradi ya nishati kwenye upishi, sawa na dola bilioni 2 katika kipindi cha miaka kumi. Benki ni benki: kwa sehemu kubwa fedha hizo ni mikopo, ambayo nchi huomba kwa mradi mahususi, huijadili, huisaini na kuirejesha. Ufaransa ilitaja euro milioni 100 katika miaka mitano, na Norway takribani dola milioni 50. Kampuni nazo ziliahidi uwekezaji, yaani kujenga maghala ya gesi, kununua mitungi au kutengeneza majiko kwa matarajio ya kupata faida. Kila aina ina kasi yake. Msaada unaweza kutolewa ndani ya mwaka, lakini ghala la gesi halijengwi kwa tamko.

Mwaka mmoja baadaye, Julai 2025, IEA ilitoa taarifa kwamba zaidi ya dola milioni 470 zilikuwa zimekwishatolewa, ikiwa ni takribani moja ya tano ya ahadi. Kwa viwango vya mikutano ya aina hii, hiyo ni kasi nzuri. Kwa kipimo cha mahitaji, bado ni kidogo: IEA inakadiria kuwa Afrika kusini mwa Sahara inahitaji dola bilioni 4 kila mwaka hadi 2030, kwa hiyo ahadi zote za Paris, hata zikitimizwa kikamilifu, hazifikii mahitaji ya mwaka mmoja.

Sehemu inayoonekana zaidi kwa mwananchi ni mtungi. Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), Serikali imeendesha mradi wa kusambaza mitungi zaidi ya 450,000 ya kilo sita katika wilaya za Tanzania Bara, kwa ruzuku ya asilimia 50, ili mwananchi apate mtungi, kichomeo na vifaa vyake kwa nusu ya gharama. Foleni zilizoonekana katika vituo vya ugawaji zilithibitisha kuwa watu hawaikatai gesi. Kinachowakwamisha wengi ni siku gesi inapoisha.

Kujaza mtungi mdogo kwa kawaida huzidi shilingi 20,000, na fedha hizo hutakiwa kwa mkupuo. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kulingana na kilichopatikana siku hiyo. Ukijumlisha makopo ya mwezi mzima katika miji mikubwa, mara nyingi mkaa hauwi nafuu kuliko gesi. Lakini anayelipwa kwa siku hawezi kununua kwa mwezi, na hesabu ya jumla haimsaidii mtu mwenye shilingi 2,000 mkononi saa kumi na mbili jioni. Vijijini ugumu ni mwingine, kwa sababu kuni hazina bei ya fedha. Huko kinacholipwa ni saa za wanawake na watoto, ambazo katika bajeti nyingi za kaya hazihesabiwi.

India ilipita njia hii mapema. Mpango wake wa Ujjwala, ulioanza Mei 2016, uliwapatia wanawake wa kaya maskini maunganisho milioni 80 ya gesi kufikia Septemba 2019, kiwango ambacho hakuna nchi iliyokifikia kwa muda mfupi hivyo. Kisha ikabainika kuwa wanufaika hao walikuwa wakijaza mitungi mara chache kuliko wateja wengine, na baadhi walirudi kwenye kuni. Mwaka 2022 Serikali ya India ikaanza kutoa ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa, na mwaka 2023 ikaipandisha hadi 300. Somo hilo ni la gharama, na linaihusu Tanzania moja kwa moja: ruzuku ya mtungi wa kwanza hulipwa mara moja, ya kujaza haina mwisho.

Njia mbadala ya ruzuku ni kuifanya gesi inunulike kama mkaa. Mita inayofungwa kwenye mtungi, ambapo mteja hulipia kwa simu kiasi alichonacho na gesi hufunguka kwa thamani hiyo, ilibuniwa na kampuni ya KopaGas jijini Dar es Salaam kabla ya teknolojia hiyo kununuliwa na kampuni ya Uingereza mwaka 2020. Uwekezaji wa aina hii ndio unaofaa kupewa mikopo nafuu iliyoahidiwa, kwa sababu kikwazo chake kikubwa ni bei ya mita yenyewe.

Umeme ni suala linalohitaji maelezo yake. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, limeiweka nchi mahali ambapo kupika kwa umeme wa maji kunawezekana, na huo ndio upishi wenye kaboni ndogo kuliko wote. Jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Tatizo la kwanza ni kwamba kufika kwa umeme kijijini si sawa na kufika ndani ya nyumba. La pili ni la bei: wateja wa matumizi madogo, kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti bila kodi na tozo, mradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi hutozwa bei kubwa zaidi. Kaya inayoanza kupika kila mlo kwa umeme inaweza kuvuka kiwango hicho kwa sababu tu imefanya kile inachohimizwa kufanya. Ni jambo linalostahili kuangaliwa wakati wa kupanga bei.

Wananchi pia hukutana na malengo mawili yanayofanana. Mkakati wa Taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Katika mkutano wa nishati wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Dar es Salaam tarehe 27 na 28 Januari 2025, Tanzania iliwasilisha mpango mwingine mbele ya Benki ya Dunia na AfDB, wenye lengo la asilimia 75 ifikapo 2030. Malengo hayo hayapingani, ila la pili linaharakisha la kwanza. Kwa taasisi zinazolisha watu wengi, muda umekwishapita: katazo la kuni na mkaa lilianza Januari 2024 kwa zinazolisha zaidi ya watu 100, na Januari 2025 kwa zinazozidi 300.

Chanzo kingine cha fedha kilichotajwa sana Paris ni biashara ya kaboni, ambapo kampuni ya nje hulipia hewa ukaa iliyozuiwa na majiko yaliyogawiwa hapa. Tanzania ina kanuni zake tangu 2022, na Kituo cha Taifa cha Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Tahadhari inahitajika. Januari 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchambuzi wa miradi ya majiko katika nchi mbalimbali na kubaini kuwa punguzo lililouzwa lilikuwa takribani mara tisa ya lile halisi, mara nyingi kwa kudhani kuwa kila aliyepewa jiko jipya ameacha lile la zamani. Anayejua jikoni kwa Mtanzania anafahamu kuwa wali unaweza kuwa kwenye gesi huku maharage yakichemka kwenye mkaa.

Kundi ambalo halikuwa na kiti katika ukumbi wa Paris ni wachoma mkaa, wasafirishaji wake na wauzaji wa rejareja. Kwa vijiji vingi mkaa ni zao la biashara wakati mvua inapokosekana, na kwa halmashauri ni chanzo cha ushuru. Katika Wilaya ya Kilosa, mradi wa mkaa endelevu ulioanza mwaka 2012 uliruhusu vijiji kuvuna sehemu ndogo ya msitu wao kwa zamu, kuuacha uchipue, na kutumia mapato kwa huduma za jamii. Wateja wa mkaa huo wako mijini, hasa Dar es Salaam na Morogoro. Kadiri majiko ya mijini yanavyobadilika, mapato hayo yatapungua, na vijiji vyenye misitu vitahitaji zao jingine la kujaza pengo hilo kabla ya mwaka 2034.