Umeme wa Misuli Uzeeni

Msuli hukaza kwa amri ya umeme mdogo unaosafiri kwenye neva kutoka uti wa mgongo. Seli moja ya neva huamuru kundi la nyuzi za msuli. Baada ya umri wa miaka 60 hivi, seli hizo hupungua zaidi. Nyuzi zilizobaki yatima huchukuliwa na neva jirani, au hufa. Makundi huwa machache lakini makubwa, na kipimo cha umeme wa misuli (elektromiografia) huonyesha mawimbi makubwa yanayodumu zaidi. Mapigo ya umeme nayo hupungua kasi. Hivyo mvuvi mzee wa Chikongola, Mtwara, huweza bado kuvuta wavu, lakini polepole, na mkono humtetemeka anaposhona nyavu. Mazoezi ya kunyanyua uzito huongeza kasi ya mapigo hayo ya umeme na kurudisha sehemu ya nguvu.