Uvimbe wa Taya kwa Mtoto: Kirusi, Malaria na Kromosomu Iliyokatika

Watoto wanaokua kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Pasiansi hadi visiwani, hupatwa mapema na maambukizi mawili: malaria, na kirusi cha Epstein-Barr kinachoenea kwa mate. Karibu watoto wote hukipata kirusi hicho katika miaka ya mwanzo, na kwa walio wengi hukaa kimya mwilini maisha yote. Kwa wachache, maambukizi hayo mawili husaidiana kufungua njia ya saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, inayotokana na kuvunjika kwa kromosomu ndani ya seli ya damu.

Ugonjwa ulivyotambuliwa

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza habari za watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari hadi kusini mwa Afrika, wakipitia Tanganyika na kuuliza hospitali kwa hospitali. Ilibainika kuwa ugonjwa huo hufuata maeneo ya joto na mvua, ambayo ndiyo maskani ya malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kirusi kipya, kwa hadubini ya elektroni, ndani ya seli za uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda.

Kromosomu huvunjikaje?

Seli ya binadamu ina kromosomu 46, zinazobeba jeni zote. Chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B hutengeneza kingamwili, na ili kuziboresha hukata na kuunga upya jeni zao zilizo katika kromosomu ya 14. Kazi hiyo ni ya kawaida, lakini ina hatari. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli B kugawanyika na kukata jeni zao kupita kiasi. Kirusi cha Epstein-Barr, kilichojificha ndani ya seli hizo hizo, huzizuia kufa hata zinapokuwa na kasoro.

Ndipo ajali hutokea. Kama mshona nyavu anayeunga kipande cha wavu wa dagaa kwenye wavu wa sangara, seli huunga kipande cha kromosomu ya 8 kwenye kromosomu ya 14. Kipande hicho hubeba jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli igawanyike. Katika makao yake mapya, jeni hiyo hubaki imewashwa daima.

Virusi vingine huharibu kromosomu kwa njia tofauti. Kirusi cha homa ya ini aina ya B na kile cha papiloma, kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, huweza kujipachika ndani ya kromosomu zenyewe. Hivyo viwili vina chanjo. Cha Epstein-Barr bado hakina. Kwa hiyo chandarua na tiba ya mapema ya malaria vina uzito zaidi.

Kwa mzazi na mhudumu wa afya

Kasoro hii huzuka mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa. Hairithiwi, haiambukizi ndugu zake, wala si laana ya ukoo.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Dalili ni taya au shavu kuvimba, meno kulegea, jicho kutokeza, tumbo kujaa, au miguu kupooza. Mara nyingi mwanzoni hakuna maumivu, na hilo huwapumbaza wengi wakadhani ni jino bovu. Kung'oa jino na kurudia viuavijasumu hupoteza siku ambazo mtoto hana.

Mhudumu wa zahanati anayeona dalili hizo ampe mtoto rufaa siku hiyo hiyo. Kwa familia ya Pasiansi, Hospitali ya Bugando haiko mbali. Kipande cha uvimbe huchukuliwa kupimwa, kisha dawa za saratani huanza. Kwa kuwa seli hizi hugawanyika kwa kasi, dawa huzishambulia kwa nguvu, na watoto wengi wanaofikishwa mapema na kumaliza matibabu hupona. Uvimbe unaposinyaa baada ya dozi ya kwanza, mzazi asimwondoe mtoto wodini: seli zilizobaki, hata zikiwa chache, hutosha kuurudisha ugonjwa.