Viashiria vya kibiolojia vya jeraha kali la mapafu

Viashiria vya kibiolojia vya jeraha kali la mapafu (huitwa pia bayomaka) ni protini zinazopimwa katika damu au katika majimaji ya mapafu ili kujua ni sehemu gani ya pafu imeumia na kwa kiasi gani. Huchunguzwa hasa kwa wagonjwa wenye sindromu ya shida kali ya upumuaji, inayojulikana kimataifa kwa kifupisho ARDS.

Jeraha lenyewe

Ndani ya pafu, hewa na damu hutenganishwa na ukuta mwembamba sana. Upande mmoja una seli za vifuko vya hewa, na upande wa pili una seli za mishipa midogo ya damu. Nimonia, sepsisi, ajali kubwa au kuvimba kwa kongosho huweza kuufanya ukuta huo uvuje. Hapo majimaji yenye protini hujaa katika vifuko vya hewa, na oksijeni hushindwa kupita kuingia katika damu.

Hali hiyo ilielezwa mwaka 1967 na David Ashbaugh na wenzake katika jarida la The Lancet, kutokana na wagonjwa 12.

Vipimo vya kawaida na upungufu wake

Kwa ufafanuzi wa Berlin wa mwaka 2012, ukali hukadiriwa kwa kugawanya kanieneo ya oksijeni katika damu ya ateri kwa sehemu ya oksijeni iliyomo katika hewa anayovuta mgonjwa. Kwa mfano, mwenye milimita 60 za zebaki anayevuta hewa yenye asilimia 60 ya oksijeni hupata 60 ÷ 0.6 = 100. Jibu lisilozidi 100 ni hali kali. Zaidi ya 100 hadi 200 ni ya wastani. Zaidi ya 200 hadi 300 ni nyepesi.

Hospitali nyingi hazina mashine ya kupima gesi za damu. Kwa sababu hiyo, utafiti uliofanyika Kigali, Rwanda, na kuchapishwa mwaka 2016 ulitumia kipimo cha oksijeni cha kidoleni, pamoja na ultrasaundi ya mapafu pale ambapo picha ya eksirei haipatikani.

Hata hivyo, vipimo hivi vyote huonyesha tu kwamba pafu limeshindwa kazi. Wagonjwa wawili wanaweza kupata jibu lile lile la 100, huku mmoja ameumia zaidi vifuko vya hewa na mwingine mishipa ya damu. Pengo hilo ndilo viashiria vya kibiolojia vinalokusudiwa kuziba.

Makundi ya viashiria

* Vya vifuko vya hewa: kipokezi cha RAGE kinachoelea katika damu, na protini D ya safaktanti. Kuongezeka kwake katika damu huashiria kuumia kwa seli za vifuko.
* Vya mishipa ya damu: angiopoietini-2 na faktari ya von Willebrand.
* Vya mchochota, yaani mwitikio wa kinga ya mwili: interleukini-6, interleukini-8 na kipokezi cha kwanza cha TNF.
* Vya kuganda kwa damu: PAI-1, ambayo huongezeka, na protini C, ambayo hupungua.

Matumizi katika utafiti

Mwaka 2000 utafiti mkubwa nchini Marekani ulionyesha kwamba kumpa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia pumzi ndogo, za mililita 6 kwa kila kilo ya uzito uliokadiriwa kutokana na urefu wake, badala ya mililita 12, kulipunguza vifo kutoka asilimia 39.8 hadi 31. Interleukini-6 nayo ilishuka zaidi kwa waliopewa pumzi ndogo. Hii ilikuwa dalili kwamba mashine yenyewe, ikisukuma hewa nyingi mno, huongeza jeraha.

Mwaka 2014 Carolyn Calfee na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa ARDS hugawanyika katika aina mbili. Aina yenye mchochota mkali, takriban theluthi moja ya wagonjwa, ina vifo vingi zaidi. Mwaka 2018 data za jaribio la dawa ya simvastatini, ambayo haikuwa imeonyesha faida kwa wagonjwa wote kwa jumla, zilichambuliwa upya. Katika aina ya mchochota mkali, waliopewa dawa hiyo walinusurika zaidi kuliko wasiopewa. Uchambuzi kama huo kwa rosuvastatini, dawa ya jamii hiyo hiyo, haukuonyesha tofauti.

Mipaka

Hakuna kiashiria kimoja kinachotosha kutambua ARDS. Interleukini-6, kwa mfano, hupanda pia katika sepsisi isiyogusa mapafu. Kwa hiyo watafiti hupima viashiria kadhaa pamoja. Tena, uchambuzi wa data za zamani hauthibitishi tiba: yanahitajika majaribio ambamo wagonjwa hupimwa na kugawanywa kabla ya kupewa dawa. Kwa sasa utambuzi wa kila siku hutegemea bado historia ya mgonjwa, kiwango cha oksijeni na picha za mapafu.