Kutafuta maneno katika mikataba bila intaneti

Hapa Nyalukemba, komine ya Ibanda, familia zilizokimbia makwao hutuletea karatasi za kila namna: mikataba ya kupanga nyumba, hati za kuuza kiwanja, risiti za garanti. Nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa, na wenyewe walitia kidole bila kusomewa. Ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji ukikawia kusuluhishwa, unakuwa ugomvi wa majirani, kisha wa makabila. Kwa hiyo kusoma mikataba mapema ni kazi ya amani pia.

Programu inafanya nini?

DocFetcher ni programu ya bure inayotafuta maneno ndani ya hati zilizomo kwenye kompyuta, bila intaneti. Siri za familia zinabaki ofisini. Kwanza inapitia hati zote na kutengeneza faharasa, yaani orodha ya maneno na mahali yalipo. Kisha unaandika "garantie" au "préavis", nayo inakuonyesha kila mkataba wenye neno hilo. Kazi ya siku nzima inakuwa ya dakika chache.

Kwa nini maneno hayo?

Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite kodi ya miezi 3. Kuhusu kiwanja, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inataka cheti cha uandikishaji, "certificat d'enregistrement". Karatasi ya mauzo peke yake haitoshi.

Kosa langu

Mama mmoja kutoka Kalehe aliambiwa ahame kwa siku 7. Nilitafuta "préavis" katika jalada lake, sikupata kitu, nikamwambia mkataba hausemi lolote. Akaanza kufunga mizigo. Mwenzangu aliposoma karatasi yenyewe, akakuta kifungu cha miezi 3. Mkataba wake ulikuwa umeingizwa kama picha, na programu hiyo haisomi picha! Tulikwenda kwa mwenye nyumba pamoja na chefu wa avenyu, na mama akapewa miezi yake. Sasa picha tunazipitisha kwanza kwenye Tesseract, programu nyingine ya bure inayogeuza picha kuwa maandishi. Lakini mwandiko wa mkono mara nyingi unaishinda.

Mambo ya kukumbuka

- Leteni karatasi zote, hata zilizochanika. Hati ya asili ibaki kwenu.
- Tusitafute neno moja tu: mwingine anaandika "garantie", mwingine "caution".
- Kompyuta ikisema hakuna, mtu asome kwa macho yake.
- Viongozi, mkataba usomwe mbele ya pande zote mbili, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya kukata neno.

Kompyuta inaonyesha pa kusoma. Kusoma ni kazi yetu. Mwenye mkataba asiouelewa aulete kabla ya kutia kidole, asingoje ugomvi.