Paka Akifa Kibokoni, Azikwe Wapi?

Lugha yetu imeweka mpaka baina ya mwanadamu na mnyama hata baada ya roho kutoka. Mwanadamu hufariki, mwili wake ukaitwa maiti, ukaoshwa na kuzikwa. Mnyama hufa tu, akawa mzoga, na mzoga hutupwa au hufukiwa. Mnyama wa kuliwa aliyekufa pasi na kuchinjwa tumempa jina jingine, kibudu, ili pasiwe na wa kumgusa kwa kisu. Sisi walimu huyafundisha maneno haya kwa kipindi kimoja tukaridhika. Hata hivyo, mtoto mmoja wa jirani zangu aliniuliza swali ambalo msamiati huo haukuweza kulijibu: "Mwalimu, paka wetu amekufa na nyumbani hakuna uwanja. Tumzike wapi?" Alisema tumzike, nami sikuona sababu ya kumsahihisha.

Kwa msomaji aishiye shambani, ambako jembe na kivuli cha mwembe vyatosha, jambo hili litaonekana dogo. Kwetu Kibokoni si dogo hata kidogo. Nyumba zimegusana kuta, vichochoro havipishi watu wawili wenye mizigo, na ua ukiwapo umekwisha kumiminwa saruji. Chini ya saruji ni mwamba wa matumbawe, uo huo ambao Wareno walijenga juu yake Fort Jesus kuanzia 1593. Ukichimba, hukawii kusikia chuma kikilia juu ya jiwe. Aidha mwamba huo una matundu, na maji hupenya ndani yake kwa wepesi mpaka visimani. Shimo la kina kifupi kando ya kisima ni dhara kwa walio hai, hata likichimbwa kwa mapenzi makubwa.

Basi watu hufanyaje? Wengine hungoja usiku, wakatia mzoga guniani na kuutupa jaani. (Zamani ilikuwa mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017.) Wengine huteremka pwani wakaukabidhi bahari. Ama kwa hakika bahari yetu haipokei amana ya namna hiyo. Maji yakipwa huuchukua, yakijaa huurudisha, na asubuhi watoto wanaoogelea ndio wanaoupokea.

Nionavyo mimi, kinachotufanya tujifiche usiku ni haya zaidi kuliko ufukara wa ardhi. Tunaona aibu kuonekana tukimsikitikia paka. Hali nchi hii hii imewahi kuwasikitikia wanyama hadharani. Elsa, simba jike aliyelelewa na George na Joy Adamson, alipokufa Januari 1961 alizikwa katika msitu wa Meru, na kaburi lake hutembelewa na wageni wa mbuga hiyo. Ndovu Ahmed wa Marsabit, aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, alipokufa mwaka 1974 hakuachiwa fisi. Mifupa yake ilihifadhiwa katika makumbusho ya taifa jijini Nairobi. Sisemi paka wa Kibokoni ni sawa na Ahmed. Nasema tu kwamba heshima kwa mnyama mfu si kioja kilicholetwa jana na sinema.

Wala heshima hiyo haipimwi kwa sanda. Wamisri wa kale waliwakausha paka kwa maelfu na kuwazika kwa ibada, na mwisho wake ukawa nini? Mwaka 1890 shehena ya paka hao, yapata tani 19, ilifikishwa Liverpool, Uingereza, ikauzwa kwa mnada iwe mbolea ya mashamba. Dini ya wengi wetu hapa mtaani imetuepusha na makuu hayo: mnyama hasaliwi, hakafiniwi, wala hawekwi katika makaburi ya watu. Lakini dini hiyo hiyo imetufundisha kwamba paka si najisi, kwamba ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Kumwondolea uvundo na mainzi, na kuwaondolea majirani adha hiyo, hakuhitaji fatwa mpya.

Hapa sina budi kuwaonya wanafunzi, kwa kuwa wao ndio hutumwa kuondoa mizoga. Mnyama aliyekufa baada ya kubadilika tabia, akatokwa na mate na kuuma ovyo, asiguswe kwa mkono wala asifukiwe kwa haraka. Huenda ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka pia huupata na kuuambukiza, na ambao Kenya katika mpango wake wa mwaka 2014 iliazimia kuutokomeza ifikapo 2030. Aitwe daktari wa mifugo, kwani ubongo wa mnyama huyo ndio unaopimwa maabara ili ijulikane kama aliyeumwa yu hatarini. Kwa wengine wote, shimo refu mbali na kisima, chokaa kidogo, udongo ulioshindiliwa vema, basi.

Shimo hilo lakini lataka ardhi, na ardhi ya kisiwa imekwisha. Ndiyo maana nasema jambo hili si la mwenye paka peke yake, ni la kaunti. Taka zetu huvuka kwenda bara kila siku. Kipande cha ardhi huko huko, kilichopimwa na maafisa wa afya, chaweza kupokea mizoga ya kisiwa kizima. Watakuwapo watakaosema kwamba serikali yenye mitaro iliyoziba haina haki ya kugharimia kaburi la paka. Wakumbuke kwamba mizoga hiyo imo ndani ya mitaro hiyo. Gari haliingii vichochoroni mwetu, wala halihitajiki. Mkokoteni mmoja wenye kifuniko, na mtu wa kuusukuma anayelipwa ujira wake, upite Kibokoni mara mbili kwa wiki, mchana, kila mtu akiuona.