Arosto

Muulize teja wa Dar es Salaam au Mombasa kwa nini anarudia unga; mara nyingi hatataja raha. Atakwambia anakimbia arosto: miayo, makamasi, vinyweleo kusimama, tumbo kuharisha, mifupa kuuma kama inatwangwa.

Arosto hutoka wapi? Heroini, yaani huo unga, ikifika mwilini hugeuka kuwa mofini, na mofini hung'ang'ania vipokezi vya ubongo vilivyoumbwa kwa ajili ya kemikali za mwili wenyewe. Kwenye shina la ubongo kuna kifundo kidogo cha seli zinazomwaga noradrenalini, kemikali ya kumweka mtu macho na chonjo. Mofini huzinyamazisha. Zikinyamazishwa mara moja, si neno. Zikinyamazishwa kila siku, nazo huzidisha nguvu, kama mtu anayezungumza kando ya mashine ya kusaga: anapaza sauti, na baadaye hata hajui kwamba anapiga kelele. Hapo kete moja haitoshi tena. Siku mashine ikizimwa ghafla, kelele zile zinabaki peke yake. Ndizo arosto. Tazama dalili zake: unga hufunga choo, arosto huharisha, unga hubana mboni ya jicho, arosto huipanua. Wanaoiita tabia mbovu tu hawajaitazama vizuri.

Ubongo hujifunza hadi mahali. Mwaka 1982, Shepard Siegel na wenzake nchini Kanada waliwapa dozi kubwa panya waliokwisha kuzoeshwa heroini. Waliopewa katika chumba walichozoea kupewa heroini, walikufa asilimia 32. Waliopewa katika chumba ambacho hawakuwahi kupewa heroini, asilimia 64. Dawa ileile, kipimo kilekile. Chumba cha kawaida kilikuwa kimeuonya ubongo ujikaze mapema. Ndiyo maana aliyeacha miezi kadhaa akipita kijiwe chake cha zamani anaweza kuanza kupiga miayo.

Methadoni, dawa ya kutibu uraibu huu iliyoanza kutolewa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, hushika vipokezi vilevile, lakini taratibu na kwa muda mrefu. Mtu huinywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na ile mashine inanguruma kwa sauti moja kutwa.

Lakini uwezo wa mwili kuhimili kipimo kikubwa hufifia mtu akikaa bila unga. Kwa hiyo, ukiwa na ndugu anayetoka gerezani au nyumba ya kuachia dawa, mwambie waziwazi: kipimo alichokimudu zamani sasa kinaweza kumzimisha pumzi.